Taa Iliyolazwa

Ofisini walimwita Mama Balbu, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wageni walidhani ni utani juu ya macho yake, maana yalikuwa makubwa na hayakupepesa ovyo. Lakini jina lilitokana na kazi. Kila ndege ilipoanguka, wenzake walikwenda kuokota vipande vya injini na mbawa, kupima mashimo ardhini na kuwahoji waliosikia kishindo. Yeye aliletewa balbu. Zilifika mezani kwake ndani ya vikasha vidogo vilivyotandikwa pamba, kama mayai ya ndege wa kweli.

Ndani ya balbu mna uzi wa chuma, mwembamba kuliko unywele. Taa ikiwa imewaka, uzi ule huwa umeshika moto na kulainika. Ndege ikijipigiza chini, uzi huvutika, ukalegea na kujikunjakunja kama uzi wa sweta iliyofumuliwa. Taa ikiwa imezimwa, uzi huwa baridi na mkavu, na kishindo kikija hukatika kat, kama kijiti. Kazi yake kubwa ilikuwa hiyo. Aliinama juu ya hadubini, akashusha pumzi ili mikono isitetemeke, kisha akasema: hii iliwaka, hii haikuwaka. Kwa maneno hayo watu walipata kujua kama marubani waliambiwa na ndege yao kabla ya kufa, au walikufa bila kuambiwa kitu.

Hakuanza hapo. Alianza akiwa fundi wa vifaa vya umeme, mwanamke peke yake katika hanga la kutengenezea ndege lililojaa wanaume, ndani ya ovaroli ambayo mikono yake ilibidi aikunje mara mbili. Walimtania mpaka wakachoka. Baadaye wakawa wanamwita kila waya ulipowashinda, na utani ukageuka kuwa salamu. Idara ya uchunguzi wa ajali ilipomchukua na kumpeleka masomoni, mafundi walimchangia sanduku la nguo, wakaandika juu yake kwa rangi nyeupe: Usiturudie na kiburi.

Ajali yake ya kwanza alitapika nyuma ya gari la ofisi, akanawa uso kwa maji ya chupa, akarudi kazini. Hakuna aliyemsema. Alichojifunza siku ile ni kwamba harufu ya mafuta ya ndege yaliyoungua haitoki kwenye nguo kwa maji ya mara moja. Tangu hapo alivua viatu mlango wa nyuma, akafua nguo zake mwenyewe kwa mkono, mbali na nguo za mumewe. Mumewe alikuwa rubani. Hakutaka harufu ile ikae kwenye shati la mtu anayeruka.

Mumewe waliyemwita Kapteni alikuwa na sauti ya kujaza nyumba na kicheko cha kufukuza huzuni ya mtu mzima. Aliporuka vya kutosha alifanywa mkufunzi, na marubani wengi wa nchi ile walipita mikononi mwake. Wao wawili hawakujaliwa mtoto. Hawakulizungumza sana jambo hilo. Walilizoea, kama watu wanavyozoea chumba kimoja cha nyumba ambacho hakifunguliwi. Kapteni aliwafanya wanafunzi wake kuwa wanawe. Walikuja kula, wakaacha viatu vyao vikubwa mlangoni, wakamwita mkewe mama. Wa mwisho kabisa kumfundisha kabla ya kustaafu alimwita Kitindamimba, na kijana yule alilikubali jina hilo kwa mikono miwili.

Mama yake Kitindamimba alikuwa mshonaji. Duka lake lilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwao, chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Alimlea mwanawe peke yake kwa kushona sare za shule. Mwanawe alipofaulu mtihani wa urubani, mshonaji alimshonea Kapteni mashati sita meupe. Kapteni alipouliza bei, akajibiwa, "Umenishonea mtoto, mwalimu. Mimi nimeshona mashati tu."

Basi ndege aliyoanguka nayo Kitindamimba ilikuwa ndogo, ya injini mbili, ya kampuni iliyobeba abiria wachache na mizigo mingi kwenda miji ya mbali. Iliondoka asubuhi baada ya mvua. Haikufika mbali. Ilipinda hewani ikiwa bado inapanda, ikaanguka nyuma ya kiwanda cha matofali, na hakuna aliyetoka mzima.

Wachunguzi walikuta mlango wa mizigo peke yake, umelala majanini karibu na mwisho wa njia ya kurukia, mbali sana na mabaki mengine. Mtoto wa shule angeweza kulisoma hilo. Mlango haukufungwa sawasawa, ulifunguka hewani, ukang'oka, ukaupiga mkia. Swali lililobaki lilikuwa moja. Katika chumba cha marubani kuna taa ndogo ya rangi ya kaharabu inayowaka mlango ule ukiwa wazi. Je, iliwaka? Kinasa sauti hakikusaidia. Marubani wawili walisikika wakisoma orodha yao kama kawaida, wakitaniana juu ya matope yaliyochafua viatu, halafu upepo, halafu kelele ambazo Mama Balbu alizisikiliza mara moja tu na hakutaka kuzirudia.

Kama ingekuwa lazima ajitoe kila mara mumewe alipomfahamu rubani, asingefanya kazi hata mwaka mmoja. Mkuu wa idara alimuuliza kwa adabu tu, "Mama, huyu utamweza?" Akajibu, "Balbu haijui ni ya nani, Mkuu." Akaenda chooni, akafungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele, akalia. Kisha akajipangusa uso, akavaa glavu.

Mshonaji alianza kuja ofisini siku ya pili baada ya mazishi. Kwenye korido ya idara kulikuwa na benchi refu la mbao, mkabala na mlango wa maabara, ambalo ndugu wa marehemu walilikalia miaka yote wakisubiri kuitwa. Yeye hakuitwa na mtu. Alikaa tu, mkoba mapajani, uzi mweupe umenasa kwenye bega la gauni lake jeusi.

"Dada, hapa pana baridi," Mama Balbu alimwambia. "Nenda nyumbani, tutakupigia simu."

"Nyumbani pana baridi zaidi."

"Umekunywa hata chai?"

"Usinihangaikie. Sikuja kukusumbua, nimekuja kukaa." Akauweka mkoba sawa mapajani. "Nasikia kuna taa."

"Nani kakwambia?"

"Nani hakuniambia? Wanasema taa iliwaka, mwanangu akaidharau. Watu wanaingia dukani kupunguza suruali, badala ya kunipa kiuno wananitazama usoni. Jana mteja mmoja kachukua kitambaa chake kabla sijakikata. Kasema kaahirisha."

"Dada, mimi siruhusiwi kusema lolote mpaka ripoti itoke."

"Najua. Mumeo kaniambia, na mimi sikuulizi." Mshonaji aliutazama mlango wa maabara. "Ila ukishajua, pita hapa mbele yangu. Usiseme neno. Mimi nitakuona usoni."

Mama Balbu alitaka kumwambia kwamba hilo nalo haliruhusiwi. Badala yake akaingia ndani, akafunga mlango.

Kipande cha ubao wa mbele wa ndege kililetwa kikiwa kizima kiasi, maana moto haukufika huko. Aliichomoa balbu kwa kibano, akailaza juu ya karatasi nyeupe, akaisogeza chini ya hadubini. Aliinama juu yake muda mrefu. Injinia waliyefanya naye kazi, mtu mwenye maneno mengi ambaye hakupenda kimya, alishindwa kuvumilia.

"Mama Balbu, unaisoma au unaisomea dua?"

"Njoo utazame."

Injinia akainama. Uzi ulikuwa umekatika kat, mfupi, kingo zake kali, bila mkunjo wowote.

"Baridi," Injinia alisema polepole.

"Baridi kabisa. Haikuwaka."

"Kwa hiyo hakuambiwa. Maskini, hakuambiwa." Injinia akavua miwani, akaifuta na koti ingawa haikuwa chafu. "Leo utalala, mama."

Hapo ndipo Mama Balbu alipokosea, yeye ambaye kwa miaka yote ile aliufunga uso wake kama sanduku. Alitoka maabara kwenda kumpa Mkuu habari, na akiwa katikati ya korido akasahau nani amekaa kwenye benchi. Au hakusahau. Hata baadaye hakuwa na hakika. Alipita na uso wake ukiwa wazi, na mshonaji akauona. Akasimama, akakunja kitambaa chake kichwani vizuri, akaondoka bila kuaga, akitembea kama mtu aliyeshushiwa gunia.

Jioni ile mtaa mzima ulikuwa umejua. Mshonaji alifungua duka lake, akaweka kiti nje, akakaa. Kila aliyepita alisalimiwa kwa sauti. Kapteni alirudi kutoka huko akiwa na macho mekundu na kicheko chake cha zamani.

"Sikuulizi kitu," alimwambia mkewe. "Mimi najua sheria zenu. Lakini kijana wangu nilimfundisha mimi. Yule, taa ingewaka, angeirudisha ndege chini hata kama ndani yuko mfalme."

Mama Balbu aliendelea kukata mboga. Kisu kilikwenda na kurudi, na swali likaanza kumtekenya vibaya. Kama taa haikuwaka, ilikuwa ni kwa nini? Mlango ulikuwa wazi. Taa ilipaswa kuwaka.

Wiki iliyofuata waliipima swichi ndogo ya pembeni mwa mlango. Ilikuwa nzima. Wakazipima nyaya kutoka mkiani hadi mbele, kipande kwa kipande. Zilikuwa nzima. Injinia aliacha kutania. Balbu haikuwa imeungua kabla ya kishindo, nyaya nzima, swichi nzima, na taa haikuwaka. Mama Balbu akauchukua tena ubao ule, na safari hii hakutazama balbu. Alitazama kifuniko chake, kile cha plastiki cha mviringo ambacho huzungushwa kwa vidole ili kuibana balbu mahali pake. Ndege ilipoanguka, kitu fulani chenye ncha kiliukwaruza ubao wote kwa mstari mmoja mrefu, na mstari ule ukapita juu ya kifuniko. Alikizungusha kifuniko mpaka kikabana kabisa. Mstari ukakatika, upande wa kifuniko haukukutana na upande wa ubao. Akakirudisha nyuma taratibu. Kilipolegea robo ya mzunguko, mstari ukaungana, ukawa mmoja, kama ufa wa sahani iliyorudishiwa kipande chake.

Maana yake ni kwamba kabla ndege haijagusa ardhi, taa ile ilikwisha kulegezwa. Na haikulegezwa na mtikisiko. Mtikisiko hulegeza ovyo, leo hivi kesho vile. Hii ilikuwa robo kamili, ya vidole viwili vya mtu anayejua anachofanya.

Aliviona vidole hivyo. Hilo ndilo lililomfanya akae chini. Aliviona waziwazi, kwa kuwa alivijua. Vilikuwa na kucha pana na kovu dogo juu ya kifundo.

Nyumbani kwao kulikuwa na taa ya korido iliyopepesa tangu walipohamia. Mafundi wa umeme wawili walishindwa nayo. Kapteni hakuwa na haja ya fundi. Kila ilipoanza kupepesa, alipita chini yake, akanyosha mkono bila hata kutazama juu, akaizungusha robo kwa vidole viwili. Taa ikazima. Alifanya hivyo akiimba, akiongea, akiwa amebeba kikombe cha chai mkono wa pili. Alifanya hivyo kiasi kwamba Mama Balbu, bingwa wa balbu, aliacha kuuona mkono ule, kama mtu anavyoacha kuuona mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Siku hiyo alifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Kapteni alikuwa anamenya viazi huku redio ikiongea peke yake.

"Mzee," alisema, "nina jambo la kukuuliza. Jibu kama rubani, usijibu kama mume wangu."

"Loo. Nivae kofia?"

"Taa ya mlango wa mizigo kwenye ndege zile ndogo. Wakati wako ilikuwaje?"

Kapteni akacheka. "Mlalamishi? Mungu wangu, umenikumbusha mbali. Mvua ikinyesha tu, swichi ya mlangoni inaingia unyevu, mlango umefungwa kwa nguvu za shetani lakini taa inawaka. Unashuka, unakagua, umefungwa. Unapanda, inawaka. Abiria wanatoka jasho, wewe unashuka tena na kupanda kama muuza karanga. Mafundi ukiwaambia, wanakausha swichi, kesho yaleyale."

"Mkafanyaje?"

"Tukamlaza." Akainua mkono wenye kisu, na vidole viwili vilivyobaki huru vikazunguka hewani, robo. "Unakagua mlango mwenyewe kwa macho yako, unamlaza, unaruka zako. Ukitua unamwamsha. Mlalamishi kalala, ndivyo tulivyokuwa tunasema."

"Na ulifundisha hivyo?"

"Nifundishe wapi? Hakuna somo la namna hiyo. Ni kitu cha..." Akatafuta neno. "Walikuwa wananiona tu."

"Kitindamimba alikuona?"

Ganda la kiazi lililokuwa likining'inia kwenye kisu lilikatika, likaanguka. Kapteni hakuliokota. Mama Balbu alimtazama akilihesabu jambo hilo moyoni, akirudi nyuma safari kwa safari, mvua kwa mvua, akiwa kiti cha kulia na kijana amekaa kushoto kwake akitazama kila anachofanya mwalimu. Redio iliendelea kusema bei za vitu sokoni.

"Mimi nilikuwa nashuka kukagua kwanza," alisema mwisho. "Kila mara. Nilikuwa nashuka."

"Najua."

"Hilo hakuliona?"

Mama Balbu alikikumbuka kinasa sauti. Asubuhi ile kulikuwa na matope. Vijana walisikika wakitaniana juu ya viatu. Labda walimtuma mpakiaji mizigo atazame. Labda walimlaza Mlalamishi jana yake na hawakumwamsha. Nani angejua. Kapteni akaweka kisu mezani taratibu sana, kama kitu cha kupasuka, akatoka nje kwenye ua, akasimama ameupa mgongo mlango.

Mkuu wa idara alimsikiliza Mama Balbu mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa mtihani.

"Unaweza kuandika kwamba kifuniko kilikuwa kimelegea," alisema. "Hilo ni kweli. Ndege zinatikisika, vifuniko vinalegea. Mama wa marehemu analala, mumeo analala, na wewe umebakiza muda mfupi ustaafu. Nani atauliza zaidi?"

"Na ndege nyingine za aina hiyo, Mkuu?"

"Tutawaandikia wakaze taa zao."

"Watazikaza. Mvua ikija watazilaza. Hawatajua kwamba ni hicho kilichoua."

Ndipo Mama Balbu alipomwomba kitu kimoja, waende na Injinia wakazitazame ndege zilizobaki za kampuni ile kabla hajaamua. Walikwenda mchana uleule bila kutoa taarifa. Katika ndege ya kwanza kila kitu kilikuwa sawa. Katika ya pili, iliyokuwa inapakiwa mizigo tayari kwa safari, Injinia alipanda mbele, akainama juu ya ubao, akaita kwa sauti ndogo, "Mama, njoo." Kifuniko cha taa ya mlango kilikuwa kimelazwa. Robo kamili. Kupitia kioo waliwaona abiria wamekaa kwenye viti vya plastiki kivulini, mwanamke mmoja akimfunga mtoto mgongoni, mzee mmoja akila chungwa kwa makini ili maji yasimdondokee kwenye suti.

Aliandika alasiri hiyohiyo, jua likiwa kali na mlango wa maabara ukiwa wazi. Aliandika kila kitu: kifuniko, mkwaruzo, desturi. Ripoti zao hazitaji majina. Zinasema rubani, fundi, mkufunzi. Aliandika kwamba desturi hiyo ilipokelewa na marubani kutoka kwa wakufunzi wao, bila kufundishwa, kwa kuonwa. Kisha akaandika barua ya mistari miwili akijitoa katika uchunguzi uliobaki, kwa sababu shahidi mmoja atakayehitajika kuhojiwa ni mumewe.

Siku Kapteni alipokuja kuhojiwa, alivaa shati moja kati ya yale sita. Lilikuwa limempwaya shingoni. Mkewe alimsindikiza hadi mlango wa chumba cha mahojiano, na Injinia akaufunga mlango. Mama Balbu akabaki kwenye korido. Hakuwa na ruhusa ya kuingia kule wala sababu ya kuingia maabara. Akakaa kwenye benchi. Miaka yote ile alilipita benchi lile akidhani anajua ugumu wake. Hakujua kwamba ukikaa pale unasikia sauti za ndani ya chumba lakini husikii maneno.

Mshonaji alikuja. Alikuwa ameitwa kuchukua saa ya mwanawe na pochi yake, vitu ambavyo hurudishwa mwishoni. Alimkuta Mama Balbu pale, akamtazama usoni kama alivyoahidi, na safari hii pia akasoma. Akaketi kando yake bila kuuliza. Wakakaa hivyo, wanawake wawili, kama wasafiri wasiojuana.

"Nilikuonyesha uso siku ile," Mama Balbu alisema. "Sikupaswa. Nisamehe, dada."

"Ulikuwa uso mzuri," mshonaji alisema. "Niliutumia wiki nzima."

Mlango ukafunguliwa. Kapteni akatoka, akawaona wote wawili, akasimama. Mama Balbu aliona anavyotaka kurudi ndani. Hakurudi. Alikuja mpaka mbele ya mshonaji na, mtu mrefu kama yule, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Taa haikuwaka kwa sababu aliilegeza," alisema. "Aliilegeza kwa sababu aliniona mimi nikiilegeza. Mimi ndiye. Sikutaka ulisikie dukani."

Mshonaji hakulia. Alichezea kamba ya mkoba wake kwa muda.

"Alikuwa mtoto msikivu," alisema. "Tangu mdogo. Hukuwa na haja ya kumwambia kitu mara mbili. Ukimwonyesha mara moja tu, kashika."

Hakusema kwa uchungu; hapo ndipo ukali wake ulipokuwa. Alisema kama anayemsifu mwanawe mbele ya mwalimu wake, jinsi wazazi wanavyofanya siku ya kufunga shule. Kapteni aliinamisha kichwa. Mshonaji akalitazama shati, lile alilolishona mwenyewe, na macho yake ya kazi yakatua kwenye kifungo cha pili kilichokuwa kikining'inia kwa uzi mmoja. Zamani angetoa sindano mkobani na kukishona palepale, shati likiwa mwilini, akimgombeza mvaaji asitikisike. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba. Ukaishia hapo.

"Hicho kitadondoka, mwalimu," alisema. Akainuka, akaingia ofisi ya jirani kuchukua saa ya mwanawe.

Ripoti ilitoka. Kampuni ililazimishwa kubadilisha swichi za milango, na taa zile zikawekewa vifuniko visivyozungushika kwa vidole. Waliosoma waliisifu idara. Mshonaji alihama mtaa. Alikohamia alimwambia jirani mmoja tu habari ya mwanawe, na jirani hakuisambaza. Kapteni hakwenda tena kwenye chakula cha wastaafu, na marubani waliokuja kumjulia hali aliwapokea barazani, akawauliza habari za watoto wao, akawasindikiza mapema. Hakuna aliyemlaumu. Wengine walitaka kumwambia kwamba nao walilaza, kwamba kila mtu alilaza. Aliwainulia kiganja kabla hawajafika mbali.

Mama Balbu alistaafu mwaka uliofuata. Wenzake walimpa saa ya ukutani, na Injinia akatoa hotuba ndefu yenye vichekesho vitatu, cha mwisho akashindwa kukimalizia. Ile ovaroli ya zamani aliitia kwenye maji siku nzima, akaifua, akaianika. Harufu ilikuwa bado ipo, kidogo, kwenye kola.

Jioni ya kwanza ya kustaafu alikuwa jikoni aliposikia kiti kikiburuzwa koridoni. Akachungulia. Kapteni alikuwa amesimama juu ya kiti ili safari hii aitazame vizuri, anaikaza ile taa, robo iliyobaki, kwa vidole viwili. Ikawaka. Ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena, ikivichora vivuli vyao ukutani na kuvifuta.

"Kesho nitanunua nyingine," Mama Balbu alisema. "Au tumwite fundi wa tatu."

Kapteni alishuka taratibu, mkono mmoja begani mwa mkewe. Akaitazama.

"Iache," alisema. "Iache ilalamike."

Wakala chakula chao mlango wa korido ukiwa wazi, na mwanga ule ukawa unakuja na kuondoka juu ya sahani. Mara moja aliuona mkono wa mumewe ukiinuka kidogo kutoka mezani, wenyewe, kwa mazoea, vidole viwili vikiwa tayari. Akauona unasita. Akauona unarudi chini.